Blažena, Mnong'onezaji wa Jumba la Zálesín

Kwa miaka thelathini na mmoja Blažena Kroupová aliwajua waigizaji wa mji wetu kuanzia magotini kwenda chini. Kisanduku cha mnong'onezaji kilikuwa katikati ya ukingo wa jukwaa, nusu yake chini ya sakafu, kimefunikwa kwa mbao iliyopinda kama gamba la kobe ili watazamaji wasimwone aliyemo. Alikaa humo kwenye kiti kilichopunguzwa miguu, taa ndogo ikimulika kitabu cha mchezo, uso wake ukielekea jukwaani. Watazamaji mia nne walikuwa nyuma ya kisogo chake. Mbele yake kulikuwa na viatu.

"Wafalme wote niliowahi kuwaona," aliniambia, "walikuwa na soli zilizobanduka."

Kazi yake ilikuwa kusoma pamoja na waigizaji, kidole kikishuka mstari kwa mstari, na mmoja wao akipotewa na neno, yeye ampe. Ampe kwa sauti ambayo mwigizaji ataisikia na mtu wa safu ya kwanza hataisikia. Hilo, alisema, mtu hujifunza kwa mwezi mmoja. Linalochukua miaka ni kujua wakati wa kukaa kimya. Mwigizaji aliyenyamaza huenda amesahau, na huenda ndiyo kwanza anaigiza. Ukimtupia neno aliyenyamaza kwa makusudi, umemmwagia maji usoni. Mwaka 1981 Blažena alimfanyia hivyo Bohdan Štěrba, mwigizaji mkubwa kuliko wote katika jumba letu, pale alipokuwa amesimama jukwaani juu ya maiti ya ndugu yake. Štěrba hakumsemesha kwa mwezi mzima. Tangu siku ile kila kituo cha Štěrba cha kunyamaza kiliwekwa alama ya penseli nyekundu kwenye kitabu, na urefu wake uliandikwa pembeni: pumzi mbili, pumzi nne, mpaka akae.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo watu wengi hawakulijua. Blažena hakuwa na mchezo hata mmoja kichwani. Mwanamke aliyemfundisha kazi alimwambia kwamba mnong'onezaji aliyeuhifadhi mchezo ni hatari, kwa sababu ataanza kusikiliza badala ya kusoma, na siku mwigizaji atakapopotea, naye atakuwa ameshapotea pamoja naye. Basi alijizoeza kutohifadhi. Mchezo ulipita machoni ukatokea kidoleni, ukaisha.

Mimi nilifika kwenye jumba hilo mwaka 2007 nikitokea chuo kikuu, nikapewa chumba cha juu kisicho na dirisha, nipange makaratasi ya zamani kwa ajili ya kitabu cha historia ya jumba. Makaratasi yalikuwa mengi. Jumba lilijengwa mwaka 1893 na wafumaji na wenye maduka, kwa sababu upande wa pili wa mto Wajerumani walikuwa na lao, na watu wa kwetu walichoka kwenda kucheka kwa lugha ya wengine. Walichanga vitu walivyokuwa navyo: mbao, chokaa, siku mbili za farasi na mkokoteni. Mwaka wa mwisho wa Vita vya Pili vya Dunia lilifungwa kama majumba yote ya nchi, wakashonea humo sare za askari. Baadaye zikaja enzi za ukomunisti, ambapo kiwanda cha nguo kilileta wafanyakazi wake kwa mabasi wakitaka wasitake, na mama yake Blažena, mfumaji, alilala usingizi katika michezo yote, akiwa kwenye safu ya wafanyakazi bora. Novemba 1989, utawala ule ulipotikisika, waigizaji waligoma kuigiza, wakawaachia watu wa mji jukwaa waseme ya moyoni. Blažena aliingia kwenye kisanduku chake kama kawaida, bila kitabu, kwa sababu hakujua mahali pengine pa kukaa. Fundi mmoja wa kiwandani alisimama pale juu, akasema, "Sisi tunataka, tunataka," akakwama. Kutoka chini ikaja sauti ndogo: "Haki." Fundi akasema haki. Blažena alikuwa akilisimulia hilo huku akicheka mwenyewe.

Kiwanda kilifungwa, jumba likabaki. Kwetu watu huhesabu maisha yao kwa michezo. Mtu atakwambia binti yake alizaliwa majira yale Štěrba alipocheza mfalme kipofu, au kwamba yeye na mkewe walikosana jioni ya mchezo wa mganga na wakapatana kwenye ule wa wanamaji. Kinyozi alikuwa na picha ya Štěrba. Daktari wa meno pia. Štěrba akienda kununua mikate, wanawake walimwachia nafasi kwenye foleni, naye aliikataa kwa sauti ambayo hata walio nje waliisikia.

Januari 2009 Štěrba alikuwa na miaka sabini na minne, na mazoezi ya mchezo wake wa mwisho yalikuwa yameanza. Mchezo uliitwa *Kinu cha Bondeni*. Binti wa mwenye kinu cha kusagia unga anarudi nyumbani kutoka mjini, sehemu ya kwanza. Wanagombana, sehemu ya pili. Anaondoka moja kwa moja, sehemu ya tatu, na mzee anabaki peke yake na kinu. Watu wa mji walishajua kwamba Štěrba akimaliza hapo anastaafu. Lililotokea katika kantini Januari ile nilikuja kulijua baadaye, kwa kinywa cha Blažena mwenyewe.

Alikuwa akinywa kahawa yake kwenye glasi, machicha yakiwa bado yanashuka, Štěrba akaja akavuta kiti, akamwita kwa jina lake la kubembeleza.

"Blaženka, una nafasi?"

"Kwako sina. Jana umeniita kizee."

"Mimi? Nimekuita kizee?"

"Mbele ya watu wa taa."

"Basi nisamehe. Sikumbuki." Akazungusha kofia yake mezani. "Na hilo ndilo lililonileta."

Alimwambia kwamba Jumamosi alisimama mbele ya mlango wa nyumba yake akiwa na ufunguo mkononi, asijue ni kitu cha kazi gani. Daktari alimwandikia jina la ugonjwa kwenye karatasi. "Na karatasi yenyewe nimeipoteza," akasema, akacheka. Blažena hakucheka.

"Mwambie mkurugenzi."

"Nikimwambia, mwenye kinu atachezwa na yule kijana Radim, na ndevu za gundi. Mimi nitapewa shada la maua na kiti cha mbele, watu wanitazame kwa huruma. Blaženka, nimesimama pale juu miaka arobaini na minne. Nataka nishuke kwa miguu yangu. Waseme mwigizaji ameondoka, wasiseme mgonjwa ametolewa. Ni maonyesho kumi na moja tu, mpaka Juni."

"Sasa mimi nifanyeje?"

"Unisomee."

"Si ninakusomea siku zote?"

"Unisomee yote. Kila sentensi. Wewe nipe maneno mawili ya kwanza, yaliyobaki nitayaokota mwenyewe."

"Nikikosea je?"

"Hujawahi kukosea."

"Mwaka themanini na moja."

"Ule ulikuwa ujinga, haukuwa kosa," Štěrba alisema. Blažena akampiga kikofi mkononi, na hivyo akawa amekubali.

Alifanya kitu ambacho sidhani kama kuna mnong'onezaji mwingine aliyewahi kukifanya. Aliyaingiza maneno ya Štěrba ndani ya maneno ya mwenzake, pale mwisho mwisho, mwigizaji mwingine alipokuwa akimalizia sentensi yake, ili Štěrba anapofungua kinywa awe ameshapewa. Kwa muda wa saa mbili na robo, bila kuacha hata sentensi moja. Akitoka kisandukuni koo lilikuwa limemkauka, alinyonya peremende za mnanaa mpaka ulimi ukawa mweupe. Iliyompa Štěrba shida zaidi ilikuwa salamu ya sehemu ya kwanza, mwenye kinu anapomfungulia binti mlango: *Ingia ndani, mwanangu, umelowa. Vua koti, kaa karibu na moto.* Ilimtoroka kila siku ya mazoezi. Blažena aliirudia mara mia, mara mia mbili, akimsomea kantini, akimsomea kwenye ngazi.

Maonyesho kumi yalipita. Hakuna aliyejua. Gazeti la wilaya liliandika kwamba Štěrba amepata utulivu mpya, kwamba analisubiri kila neno kama mtu anayeliona likija kutoka mbali. Ivona Machalová, aliyecheza binti, aliniambia kwenye korido, "Mzee siku hizi ananisikiliza kweli. Zamani alikuwa akisubiri tu nifunge mdomo." Blažena alilikata lile gazeti akalitia mkobani.

Likabaki onyesho la mwisho.

Onyesho la mwisho la mchezo wowote, kwetu, lina utani wake. Waigizaji hufanyiana mizaha jukwaani, na sheria ni moja: anayefanyiwa asicheke, na mchezo uendelee. Chai ya kwenye buli huwa imegeuzwa konyagi. Sanduku la msafiri huwa limejazwa matofali. Barua inayosomwa kwa machozi huwa imeandikwa matusi. Watazamaji wa kwetu wanalijua hilo vizuri, na tiketi za siku ya mwisho huisha kabla ya zile za siku ya kwanza. Watu huja wakiwa wamejiandaa kunusa kila kikombe. Na mfalme wa mizaha hiyo, kwa miaka yote arobaini na minne, alikuwa Štěrba. Aliwahi kuishona mikono ya koti la askari. Aliwahi kuingia katika harusi ya sehemu ya nne akiwa na mbuzi hai, akaendelea na hotuba yake kama kawaida huku mbuzi akila maua ya bibi harusi.

"Niwaombe wasikufanyie kitu," Blažena alimwambia wiki ile.

"Ukiwaomba, watauliza sababu."

"Nitasema umechoka."

"Mimi nichoke siku ya mizaha? Hapo ndipo watamwita daktari."

Basi Blažena hakusema neno kwa mtu. Siku ya onyesho, Jumapili ya tarehe kumi na nne Juni, likiwa limepangwa saa tisa alasiri kwa ajili ya wastaafu, alifika saa nne asubuhi. Alionja chai ya kwenye buli. Alilifungua sanduku la Ivona akapekua mpaka chini. Aliisoma barua, akaivuta mikono ya koti, akakalia kila kiti. Alikuta konyagi, akaimwaga akaweka chai. Alikuta tofali, akaliondoa. Mtu wa vifaa alimtazama.

"Bi Blaženka, leo unatuharibia starehe."

"Ninyi mna miaka mingi ya kustarehe. Yeye ana leo tu."

Alikagua kila kitu ambacho mkono wa Štěrba ungekigusa. Kitabu chake mwenyewe hakukikagua. Tangu jumba lijengwe hakuna aliyewahi kumfanyia mzaha mnong'onezaji.

Na hicho ndicho kilichomsumbua Radim. Radim alikuwa kijana mwema, mwenye kelele, aliyempenda Blažena kwa sababu mara mbili alimwokoa asiaibike mbele ya mkurugenzi. Siku tatu kabla alikuja chumbani kwangu akiwa na kitabu cha mapishi cha bibi yake.

"Nitolee nakala ya kurasa hizi kumi na tano."

"Za nini?"

"Miaka thelathini na mmoja, dada, na hakuna hata mmoja aliyemtania! Kama vile si mtu wa nyumba hii. Mimi naona aibu."

"Lakini atasomaje?"

"Kwani anahitaji kusoma? Anao wote kichwani! Ametusomea toka Januari. Atacheka tu mle ndani, na sisi tutamwona mabega yakitikisika."

Sikumwambia kwamba hana mchezo kichwani. Wakati ule sikujua hilo, na hata kama ningelijua, mimi si mtu wa kumkatiza Radim. Nilimtolea nakala.

Kitabu cha mchezo kilikuwa madaftari matatu, kila sehemu na daftari lake. Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili pia. Mtu wa safu ya nyuma alilalamika kwa sauti kwamba leo hakuna mzaha, wakamnyamazisha. Wakati wa mapumziko Štěrba aliogopa. Alikuwa amekaa nyuma ya pazia akiuliza kama wamebakiza sehemu moja au mbili. Blažena akainama akapita kwenye mlango mdogo wa chini ya jukwaa, akaenda kumshika mkono, akamnywesha chai, akakaa naye mpaka kengele ya pili. Katika dakika hizo ndipo Radim aliposhuka kisandukuni akabadilisha daftari la tatu.

Pazia likafunguliwa. Blažena akafunua ukurasa wa kwanza, akasoma: *Unga wa ngano nusu kilo, mayai mawili, mkate wa jana uliokatwa vipande vidogo.*

Akafunua wa pili. Matango ya siki. Akafunua kurasa zote mpaka mwisho.

Alielewa papo hapo. Aliinua macho, akamwona Radim upande wa kushoto, kati ya mapazia, ameunganisha vidole kifuani kwa umbo la moyo. Blažena akatikisa kichwa kumkataza. Radim akaona ni sehemu ya mzaha, akajiziba mdomo kwa kicheko.

Kwenda kulichukua daftari la kweli kungemchukua dakika tatu, na kwa dakika tatu hizo Štěrba angekuwa peke yake. Akabaki.

Mwanzoni Ivona alikuwa na maneno mengi, na mwenye kinu alijibu kwa maneno machache. Blažena aliokota alichoweza. "Sijui," alinong'ona, na Štěrba akasema sijui. "Ulimwengu wako," na Štěrba akasema ulimwengu wako. Kisha Ivona akainua sanduku lake, akavaa kofia, akasimama mlangoni.

"Basi baba. Ninakwenda."

Hapo mwenye kinu huwa na maneno yake marefu ya kuaga. Štěrba alisimama. Watu mia nne walinyamaza. Wao waliona kituo kikubwa cha mwigizaji mkubwa. Blažena aliona mguu wa kulia ukianza kutikisika ndani ya kiatu. Alitafuta kichwani mwake maneno ya kuaga, ambayo alikuwa ameyasoma mara kumi jukwaani na sijui mara ngapi mazoezini, akakuta mahali patupu. Na mahali pale patupu pakajitokeza yale aliyokuwa ameyarudia mara mia mbili kwenye ngazi. Aliisikia sauti yake mwenyewe ikiyatoa.

"Ingia ndani, mwanangu, umelowa."

Štěrba aliyaokota kama alivyokuwa akiyaokota yote tangu Januari.

"Ingia ndani, mwanangu, umelowa!" alimwambia binti aliyekuwa anaondoka. "Vua koti, kaa karibu na moto." Akalichukua sanduku mkononi mwake, akaliweka chini. Akamvua kofia.

Kisha jumba zima likaangua kicheko. Walikuwa wameusubiri mzaha tangu saa tisa, na sasa umekuja, na umetoka kwa mfalme mwenyewe: anaurudisha mchezo mwanzo! Anakataa kustaafu! Ivona alifuata sheria, hakucheka. Alikaa karibu na moto akajibu maneno ya sehemu ya kwanza. Štěrba akammiminia chai. Akamuuliza habari za treni. Kila neno lilikuwa sawasawa, kwa sababu sasa Ivona alimpa majibu aliyoyazoea, na watu walizidi kucheka, wakipiga miguu sakafuni.

"Kwaheri, mwanangu," Blažena alinong'ona. "Bohdan. Kwaheri, mwanangu. Anaondoka. Sehemu ya tatu."

Štěrba alisikia. Akasimama na buli mkononi. Akamtazama binti, akalitazama sanduku, akatazama moto wa karatasi. Akaliweka buli sakafuni taratibu, akaja mbele mpaka ukingoni, akapiga magoti mbele ya kisanduku. Kwa miaka yote ya kazi yake hakuwahi kutazama humo mbele ya watu. Blažena aliuona uso wake kwa karibu, rangi ikitiririka na jasho.

"Blaženka," alisema, si kwa kunong'ona, kwa sauti yake ya kawaida iliyofika mpaka roshani ya juu. "Sijui niko wapi."

Watu walisimama. Waliinuka wote, wastaafu na fimbo zao, wakicheka na kulia, wakipiga makofi juu ya vichwa. Walikuwa hawajawahi kuona mtu akiaga hivyo, akimtoa mnong'onezaji gizani amshirikishe. Wengine waliita jina la Blažena.

"Simama," Blažena alinong'ona.

Akasimama.

"Geuka kwa watu. Inama."

Akainama.

"Inama tena. Weka mkono kifuani. Sasa nenda kushoto, kwa Radim. Taratibu. Hivyo hivyo."

Wenye kamba wakashusha pazia. Mwisho wa *Kinu cha Bondeni* siku ile haukuchezwa.

Kantini kulikuwa na mikate midogo ya nyama na mayai, na mvinyo mtamu. Mkurugenzi alilia wakati wa hotuba. Radim alimkumbatia Štěrba karibu kumvunja.

"Mzee, umetumaliza! Mimi nilifikiri nimefanya mzaha mkubwa, kumbe umenimeza mzima!"

Štěrba alitabasamu kwa kila aliyekuja. Koti lake alikuwa amelivaa tayari, limefungwa vifungo vyote. Blažena alimshika kiwiko wakatoka kwa mlango wa nyuma. Jua bado lilikuwa juu, watoto wakilamba barafu kando ya mto. Walitembea polepole, na watu waliokuwa wametoka kwenye onyesho waliwapungia mikono kutoka upande wa pili wa barabara.

Walipofika daraja la pili Štěrba aliuliza, "Walikuwa wakicheka nini?"

"Ulikuwa ukichekesha, Bohdan."

"Lakini huu ni mchezo wa huzuni."

Blažena alimvuta kidogo, waendelee kutembea.

"Binti anaondoka," Štěrba aliendelea, akifikiri. "Si anaondoka? Mtu anaondokewa na mwanawe, na wao wanacheka." Kisha, baada ya hatua chache: "Ulinipa maneno mengine."

"Nilikupa maneno mengine."

"Kwa nini?"

Angeweza kumwambia habari za daftari. Alimwambia, "Nilikosea."

Štěrba akatikisa kichwa, si kwa hasira. Alifika mlangoni kwake akatoa ufunguo, akampa Blažena amfungulie.

Gazeti liliandika kwamba mji umemuaga mwigizaji wake kwa kicheko kikubwa kuliko vyote. Msimu uliofuata Štěrba alihamia kwenye nyumba ya wazee ya juu kilimani, na watu waliokwenda kumsalimia walirudi wakisema, yule naye, bado anatania, amejifanya hanijui. Blažena aliacha kazi mwezi ule ule wa Juni. Hawakuajiri mwingine. Kisanduku kilizibwa kwa ubao, siku hizi waigizaji huwekewa kidude sikioni. Alimtembelea Štěrba kila Jumatano. Radim aliniambia baadaye kwamba alimwendea Blažena na maua kuomba radhi kwa mzaha wake, akidhani ameacha kazi kwa kukasirikia yale mapishi. Blažena alimpokea, akamkatia keki, akamwambia ni mzaha mzuri na asijisumbue.

Štěrba alifariki Februari 2011. Jeneza liliwekwa jukwaani, kama ilivyo desturi kwa mwigizaji aliyelitumikia jumba miaka mingi, na watu walipanga foleni kwenye theluji mpaka sokoni. Radim ndiye aliyezungumza. Alisimulia habari za mbuzi wa harusini. Kisha akasimulia onyesho la mwisho, akaiga sauti ya mzee: "Blaženka, sijui niko wapi!" Ukumbi ukacheka, watu wenye nguo nyeusi, kicheko kile kile. Blažena alikuwa safu ya tatu. Nilikuwa nyuma yake. Mabega yake yalitikisika, na jirani yake, mwanamke mnene mwenye kofia ya manyoya, alimgusa mkono akasema, "Cheka, mama, cheka, mwenyewe angefurahi."

Kitabu changu cha historia kilikuwa tayari mwaka 2013. Nilimpelekea Blažena kurasa zake azipitie kabla ya kuchapwa, kwa sababu ametajwa. Ukurasa wa mia na kumi na mbili nilikuwa nimeandika kuhusu mzaha wa mwisho wa Bohdan Štěrba, "utakaokumbukwa na Zálesín kwa vizazi." Aliusoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Halafu akazima redio, akanieleza yote niliyoyaandika hapa.

Alipomaliza, nilimwambia kuhusu nakala nilizotoa kwa mkono wangu. "Ulikuwa hujui," alisema. "Radim naye hakujua. Aliyejua nilikuwa mimi, na mimi sikufungua daftari."

"Nibadilishe ukurasa?" nikamuuliza.

"Ukiubadilisha utaandika nini?"

"Ukweli. Kwamba hakuwa akitania."

"Basi watu mia nne watajua kwamba walimcheka mgonjwa. Na yeye atakuwa mgonjwa tena, kwa kila atakayekifungua kitabu. Ndicho alichoniomba nisikiruhusu."

"Na nisipobadilisha?"

"Atakuwa mcheshi." Aliyakusanya makaratasi, akayagonga mezani yakae sawa. "Hakuniomba hilo pia. Lakini lililobaki ndilo hilo."

Kitabu kilitoka kama kilivyokuwa. Watu wa kwetu wanaupenda sana ukurasa ule. Kinyozi ameutundika ukutani.

Blažena alizikwa Oktoba iliyopita. Mnong'onezaji halazwi jukwaani, basi tulikuwa kwenye chumba kidogo cha makaburini, watu kumi na mmoja, na binti yake aliyetoka Brno kwa treni ya asubuhi. Radim alikuja, mvi zimemwingia. Aliulizwa kama anataka kusema neno, naye akasimama, akafikiri, akasema kwamba Bi Blaženka aliwahi kumwokoa mara mbili. Kisha akataka kusema kitu kingine, akakwama, akatazama chini kwenye sakafu ya saruji, akangoja. Tukangoja naye. Mwishowe akarudi akakaa.